Sura ya 6: Diski Kwanza, Prosesa Mwisho

Seva yangu ya kwanza ya nyumbani ilikuwa na prosesa nzuri na diski moja. Sehemu kubwa ya akiba yangu ilikwenda kwenye kasi, kwa sababu kasi ndiyo iliyokuwa ikisifiwa na kila muuzaji. Diski niliichukua iliyobaki kwenye rafu ya fundi, kwa bei ya kutupa. Ndani yake nikaweka filamu, nyimbo, na saa mbili za sauti ya bibi yangu akisimulia alivyovuka kwa jahazi kutoka Pemba kwenda Tanga akiwa binti. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Asubuhi diski ilikuwa ikigonga kwa ndani kama mtu anayebisha hodi, na haikusomeka tena. Filamu nilizipata upya ndani ya wiki mbili. Nyimbo nilipewa na jamaa. Sauti ya bibi haikupatikana, na mwenyewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Kanuni ya sura hii imetoka katika msiba huo: fedha iende kwanza mahali ambapo hasara haina fidia. Prosesa ikiungua, utanunua nyingine na nyumba itaendelea kutazama filamu. Diski ikifa na kilichomo hakina nakala pengine, hakuna duka la kukuuzia tena. Kwa hiyo tutapanga vifaa kwa mfuatano ulio kinyume cha matangazo: diski, umeme, mahali pa kuiweka mashine, na mwisho kabisa prosesa.

Fungua droo, uhesabu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla hujaenda dukani, chukua karatasi, fungua droo ya kabati la televisheni na uandike kila kilichomo: kanda za VHS za harusi, kanda ndogo za kamera, CD, DVD, flashi, simu za zamani zenye picha. Kisha geuza orodha hiyo kuwa namba.

Kanda ya MiniDV ya saa moja huchukua takriban gigabaiti 13 ikihamishwa bila kupunguzwa ubora, hivyo kanda 20 ni gigabaiti 260. CD ya muziki ikihifadhiwa kwa umbo la FLAC, linalobana sauti bila kupoteza chochote, huchukua kama nusu ya ukubwa wake wa awali, tuseme megabaiti 350. CD 200 ni gigabaiti 70 tu. DVD ya tabaka mbili hubeba gigabaiti 8.5, na Blu-ray ya tabaka mbili gigabaiti 50. Video ya simu ya kiwango cha 4K, kwa picha 30 kila sekunde na kwa mbano wa H.265, hufika kama gigabaiti 10 kwa saa.

Ukishapata namba, gawa mali yako katika makapu matatu. La kwanza ni la visivyorudi: sauti za wazee, harusi, picha za watoto, maulidi yaliyorekodiwa uani. La pili ni la vinavyorudi kwa jasho, kama CD ulizozihamisha moja moja kwa miezi. La tatu ni la vinavyorudi kwa fedha au kwa subira: filamu na tamthilia ambazo dunia nzima inazo. Mara nyingi utaona jambo la kutia moyo. Kapu la kwanza, lenye thamani kuliko yote, ndilo dogo kuliko yote kwa ukubwa. Linaweza kuenea ndani ya terabaiti moja, na kulinda terabaiti moja si gharama ya kumfilisi mtu.

Sasa chukua jumla ya makapu yote, uizidishe mara mbili kwa ajili ya miaka ijayo, na uache moja ya tano ya nafasi ikiwa tupu, kwa sababu diski iliyojaa pomoni huzorota. Usishtuke diski ya terabaiti 4 ikionekana kwenye kompyuta kama 3.6. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, na kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024. Hujaibiwa.

Diski: makuti na matofali

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa, ya mashine ya IBM iliyoitwa RAMAC, ilitoka mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5, pungufu ya wimbo mmoja wa leo wenye ubora mzuri. Umbo limepungua, ila jambo la msingi halijabadilika: sahani zinazunguka, na kichwa kidogo kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Kifaa cha namna hiyo siku moja kitachakaa. Anayenunua diski anunue akijua kwamba itakufa, na ajipange kwa siku hiyo.

Jambo la kwanza kuuliza dukani ni namna diski inavyoandika. Kuna diski zinazoandika mistari yake sambamba, kila mmoja na nafasi yake, kama matofali yaliyopangwa. Hizi huitwa CMR. Kuna nyingine zinazoandika mistari ikipandana, kama makuti juu ya paa. Hizi huitwa SMR. Paa la makuti huezekwa vizuri ukianza chini ukipanda juu, lakini ukitaka kubadilisha kuti moja la katikati, lazima uinue yaliyo juu yake. Ndivyo ilivyo kwa SMR: kusoma filamu hakuna shida, lakini ukiandika upya vitu vingi kwa wakati mmoja, hasa unapojenga upya jozi ya diski baada ya moja kufa, kazi hujikokota kwa saa au siku nyingi.

Tofauti hii haikuandikwa wazi kwenye maboksi kila mara. Mwezi Aprili 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, za kati ya terabaiti 2 na 6, zilikuwa za SMR, ilhali zikiuzwa kwa ajili ya seva za nyumbani. Baadaye ikatenga jina la Red Plus kwa zile za CMR. Funzo ni kusoma namba kamili ya modeli kwenye lebo, kisha kuitafuta kwenye orodha ya mtengenezaji kabla ya kutoa fedha. Diski nyingi ndogo za mfukoni zinazochomekwa kwa USB ni za SMR. Zinafaa kuwa nakala ya akiba, hazifai kuwa moyo wa seva.

Katika maduka yetu, Kariakoo au Luthuli Avenue mjini Nairobi, ni rahisi kukuta diski za kamera za ulinzi, kama WD Purple na Seagate SkyHawk, kuliko zile za seva za nyumbani, kwa sababu biashara ya kamera ni kubwa. Je, zinafaa? Kwa filamu na muziki, ndiyo. Zimetengenezwa kufanya kazi saa 24 kila siku. Hata hivyo, zimeelekezwa zaidi kwenye kuandika mfululizo bila kusita, kwa hiyo kwa kapu la kwanza mimi huchagua diski ya seva, Red Plus au Seagate IronWolf, hata ikibidi kuagiza na kusubiri.

Na diski ya mtumba? Usiikatae kwa jina, ikague. Programu ya CrystalDiskInfo kwenye Windows, au smartctl kwenye Linux, huonyesha kumbukumbu ambazo diski imejiandikia yenyewe. Tazama saa ilizowashwa: mwaka mzima una saa 8,760, hivyo diski yenye saa 30,000 imefanya kazi zaidi ya miaka mitatu bila kupumzika, hata kama imefungwa kwenye plastiki mpya. Tazama pia mistari ya namba 5, 197 na 198, inayohesabu sehemu mbovu. Kwangu mimi, chochote kisicho sifuri hapo ni sababu ya kurudisha diski kwenye rafu.

Ukaguzi huo una mipaka. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha walichokiona kwenye diski zaidi ya 100,000 za kampuni hiyo. Diski ikishaonyesha kosa la kwanza katika ukaguzi wa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa. Hiyo ni tahadhari ya kuzingatia. Lakini utafiti huohuo uligundua kwamba zaidi ya theluthi ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa ishara yoyote ya aina hiyo. Zilikata roho kimya kimya. Ndiyo maana diski moja haitoshi, iwe mpya au ya zamani, ya bei juu au ya bei chini.

Pacha si akiba

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa hoja iliyobadilisha uhifadhi: badala ya diski moja kubwa ya gharama, unganisha diski kadhaa za bei nafuu zisaidiane, moja ikifa kazi isisimame. Wakaiita RAID. Kwa nyumba, umbo lililo rahisi na linaloeleweka na kila mtu ni la mapacha: diski mbili zenye ukubwa sawa, kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa na kwenye nyingine. Unapoteza nusu ya nafasi, unapata utulivu. Ukiweza, zinunue katika maduka mawili au miezi miwili tofauti, kwa kuwa diski zilizotoka kiwandani siku moja huweza kuwa na kasoro moja.

Hapa ndipo wengi huishia, na hapa ndipo wengi hupotelewa. Mapacha hulinda dhidi ya kifo cha diski, basi. Mtoto akifuta folda ya harusi, inafutika kote kuwili kwa sekunde ileile. Mwizi akibeba kasha, anabeba zote mbili. Radi ikipita kwenye waya, zote zinaungua. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni inayokumbukwa kwa namba 3, 2, 1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwetu jambo hili ni jepesi kuliko linavyosikika. Nunua diski ya USB yenye ukubwa wa kutosha kapu la kwanza na la pili, nakili, ifunge kwenye mfuko usiopitisha unyevu, impelekee dada au mjomba mtaa mwingine. Kila Idi au kila Krismasi unapokwenda kuwasalimu, ibadilishe na nyingine iliyo na mambo mapya.

Kwa hiyo unapopanga bajeti, diski ni tatu au nne, si moja. Tenga nusu ya fedha zako zote kwa ajili yake.

Umeme wetu

Vitabu vingi vya vifaa hivi vimeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Wetu hukatika, na pengine hatari kubwa zaidi iko pale unaporudi, kwa kuwa hurudi kwa kishindo au ukiwa dhaifu, mafriji ya mtaa mzima yakiamka pamoja. Diski inayokatwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuacha faili nusu, au kuharibu orodha inayoonyesha faili ziko wapi.

Dawa ni UPS, na uchague ile yenye kirekebisha volti ndani yake, inayoinua umeme uliopungua na kushusha uliozidi bila kugusa betri. UPS ndogo ya VA 650 inatosha. Seva ya wati 30 itaendeshwa nayo zaidi ya nusu saa betri ikiwa mpya. Sharti iwe na tundu la USB. Waya huo ndio unaoiambia seva kwamba umeme umekatika, na seva yenye programu ya NUT hujizima yenyewe kwa utaratibu kabla betri haijaisha, hata kama umeme umekatika saa tisa usiku na nyumba nzima imelala. UPS isiyoongea na seva ni sawa na kumwahirishia mgonjwa siku. Betri yake ya risasi nayo ina umri. Andika tarehe uliyoinunua juu ya kasha, na kuanzia mwaka wa tatu uwe na bajeti ya kuibadilisha.

Kisha kuna uniti. Seva huwaka siku zote, hivyo kila wati ina maana. Mashine inayotumia wati 25 hula uniti 219 kwa mwaka. Kompyuta ya zamani ya michezo inayotumia wati 80 hata ikiwa haifanyi kitu hula uniti 701. Tofauti ni uniti 482 kila mwaka, miaka mitano mfululizo. Zidisha kwa bei unayolipa kwenye Luku au tokeni, uone kama mashine uliyopewa bure ilikuwa bure kweli.

Joto, chumvi na wadudu

Diski nyingi za nyumbani huruhusiwa kufika nyuzi joto 60, lakini kuishi karibu na mpaka kila siku si afya. Mimi hutaka ziwe chini ya 45. Nairobi hilo ni rahisi. Mombasa, Unguja au Dar mwezi wa Februari, chumba chenyewe kinaweza kuwa na nyuzi 32, na diski hupanda zaidi ya hapo kwa nyuzi kumi au zaidi. Chagua kasha lenye feni kubwa mbele ya diski, ya milimita 120, inayozunguka taratibu bila kelele. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika hutoa joto pungufu kuliko ya 7,200, na kwa filamu hutaona tofauti yoyote. Blu-ray hutiririka kwa megabiti 40 kwa sekunde, yaani megabaiti 5. Diski ya kawaida husoma zaidi ya 150.

Usiifungie seva ndani ya kabati la televisheni, na usiiweke karibu na dirisha linaloelekea bahari. Hewa ya chumvi hula viunganishi vya shaba taratibu mpaka siku moja diski inapotea na kurudi bila sababu. Ziba matundu ya nyuma kwa wavu mwembamba wa nailoni: sisimizi, mende na mijusi hupenda vuguvugu la mashine. Safisha vumbi kila baada ya miezi mitatu.

Sasa prosesa

Tumefika mahali ambapo wengi huanzia. Kazi ya seva ya filamu ni nyepesi mno kama televisheni inaelewa faili jinsi lilivyo: seva husoma na kutuma, basi. Uzito huja pale televisheni au simu isipoielewa video. Ipo mibano ya vizazi tofauti, H.264 ya mwaka 2003, H.265 ya 2013, AV1 ya 2018, na kifaa cha zamani hakijui lugha ya mtoto aliyezaliwa baada yake. Hapo seva hulazimika kutafsiri video papo hapo.

Kutafsiri kwa nguvu ya prosesa peke yake huchemsha mashine. Lakini prosesa nyingi za Intel zina sehemu maalumu ya kazi hiyo, iitwayo Quick Sync, tangu mwaka 2011. Cha kuangalia ni kizazi chake. Kizazi cha 6 hakitafsiri kikamilifu H.265 ya biti 10 inayotumika kwenye filamu nyingi za 4K. Kizazi cha 7 kinaiweza. Kwenye duka la kompyuta za mtumba za ofisini, Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, soma tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-7500 ni cha 7, i5-8500 ni cha 8. Tarakimu hiyo moja ina uzito kuliko maneno yote ya muuzaji.

Kompyuta hizi za ofisini ndizo chaguo langu kwa nyumba nyingi. Angalia kasha lake kabla ya kulipa. Zile ndogo kabisa hazina nafasi ya diski ya inchi 3.5. Za wastani mara nyingi huwa na nafasi moja au mbili. Chukua lenye nafasi mbili za kweli, na uhakikishe pawa saplai ina waya za kulisha diski zote, kwa kuwa baadhi ya kampuni hutumia viunganishi vyao wenyewe ambavyo fundi hawezi kubadilisha kirahisi.

Ukitaka kifaa kipya kinachokula umeme kidogo, ubao wenye Intel N100, prosesa iliyotoka mwaka 2023 na kupangiwa wati 6, unatosha familia nzima. Raspberry Pi 5 ni nzuri kwa muziki na picha, lakini haina sehemu maalumu ya kutengeneza video ya H.264, kwa hiyo isibebeshwe kazi ya kutafsiri filamu. Vifaa vilivyokamilika vya Synology na QNAP, vyenye nafasi mbili za diski, humfaa asiyetaka kuunganisha chochote. Unalipa zaidi na unapata pungufu ya nguvu, ila unapata utulivu wa siku ya kwanza. RAM ya gigabaiti 8 inatosha. Weka na SSD ndogo kwa ajili ya mfumo endeshi, ili diski kubwa zibaki na kazi ya kuhifadhi.

Mwisho, unganisha seva na ruta kwa waya wa Cat5e. Waya huo wa bei nafuu hupitisha gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na hautikiswi na ukuta wa zege kama Wi-Fi.

Kabla hujafunga sura hii

Kama fedha haitoshi kwa vyote, fuata mfuatano huu bila kuona haya. Nunua diski mbili za USB mwezi huu na unakili kapu la kwanza kwenye zote mbili, moja uipeleke kwa ndugu. Mwezi mwingine nunua UPS. Kisha kompyuta ya mtumba ya kizazi cha 7 au cha 8, kisha diski pacha za ndani. Seva inaweza kusubiri. Kanda haziwezi: kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha mwezi Julai 2016, na zile zilizobaki kwa mafundi zinapungua. Kwa hiyo usianzie dukani. Anzia kwenye droo, toa kanda yenye sauti ya mzee wako, na umtafute fundi mwenye mashine inayozunguka bado.